Tukitengeneza Bafu, Tuanze Chini



Mavuno yakishaingia na mvua ikishakatika, mafundi huanza kutafutwa. Familia nyingi hutumia fedha kidogo walizopata kurekebisha nyumba, na siku hizi wengi huanza na bafu na choo. Sisi wauguzi tunalifurahia jambo hilo, kwa sababu wagonjwa wengi tunaowapokea waliyapata maradhi yao au maumivu yao katika vyumba hivyo viwili. Lakini katika mazungumzo ya wodini na nje ya kliniki tunasikia malalamiko yale yale: fedha zimekwisha, bafu halijakwisha, na fundi hapokei simu.

Watu husema, "Mafundi wote ni waongo." Sisi hatukubaliani na maneno hayo. Maoni yetu ni kwamba bafu nyingi huharibika kwa sababu mbili ambazo wenye nyumba wanaweza kuziondoa. Kwanza, fedha hupelekwa kwenye vitu vinavyoonekana kabla ya vitu vinavyolinda afya. Pili, fundi huajiriwa bila mapatano yanayoeleweka. Tuyaangalie yote mawili.

Fedha ziende wapi kwanza?

Tuchukue mfano wa bafu dogo lenye urefu wa mita 2 na upana wa mita moja na nusu. Sakafu ya zege yenye unene wa sentimita 10, kwa mchanganyiko wa ndoo moja ya saruji, mbili za mchanga na nne za kokoto, huhitaji mifuko 2 hivi ya saruji ya kilo 50. Marumaru za sakafu hiyo pamoja na kuta hadi usawa wa mita moja na nusu ni kama mita za mraba 14, ukihesabu na zitakazovunjika wakati wa kukata. Ulizeni bei dukani kwenu, mtaona wenyewe. Sehemu inayobeba bafu zima ni ya gharama ndogo, na sehemu ya urembo ndiyo inayomaliza mfuko. Hata hivyo, fedha zikipungua, mwenye nyumba humwambia fundi apunguze saruji ya chini ili marumaru zitoshe. Huko ni kununua kofia na kwenda peku.

Sakafu iliyobanwa saruji hupasuka. Maji ya kuogea huingia kwenye nyufa, marumaru huanza kulia chini ya mguu, kisha hubanduka moja moja. Sakafu isiyo na mteremko hubaki na dimbwi, na dimbwi la maji ya sabuni huota utelezi. Hapo ndipo hospitali inapoingia. Mzee akiteleza bafuni anaweza kuvunjika shingo ya mfupa wa paja, karibu na nyonga. Watu hudhani ni mguu tu, utafungwa na kupona. Sivyo. Mzee huyo hulala kitandani wiki nyingi, hupata vidonda vya mgongoni na homa ya mapafu, na wapo ambao hawasimami tena. Tumewauguza akina bibi walioanguka katika bafu jipya linalong'aa, lililojengwa na watoto wao kwa upendo kabisa. Marumaru laini za ukutani zilikuwa zimewekwa sakafuni kwa sababu zilipendeza.

Upande wa watoto, hatari ni uchafu. Bomba la maji machafu linalovuja chini ya sakafu, au shimo la choo lililochimbwa karibu na kisima, hurudisha kinyesi katika maji ya kunywa. Kipindupindu kilicholipuka Dar es Salaam mwezi Agosti mwaka 2015 kilienea mikoa mingi ya Bara na kufika Zanzibar, na watu zaidi ya 20,000 waliugua. Ugonjwa ule haukuchagua nyumba yenye marumaru au isiyo nayo. Ulifuata maji na mikono.

Kwa hiyo tunashauri fedha zifuate utaratibu huu:

1. Shimo na mabomba. Shimo la choo liwe mbali na kisima, angalau mita 30, na chini yake pasifikie maji ya ardhini hata wakati wa masika. Bomba la inchi 4 la kutoa uchafu literemke kama sentimita 2 na nusu kwa kila mita.

2. Sakafu. Iwe ngumu, isiyonywa maji, na iteremke kama sentimita 2 kwa kila mita kuelekea kwenye tundu la kutolea maji. Zege likishamwagwa, limwagiliwe maji kwa muda wa siku 7. Fundi anayetaka kubandika marumaru kesho yake ana haraka, na haraka haraka haina baraka.

3. Mahali pa kunawa mikono. Bomba likiwapo, vizuri. Lisipokuwapo, kibuyu chirizi na kipande cha sabuni mlangoni mwa choo hufanya kazi ile ile.

4. Usalama wa wazee na wagonjwa. Bomba la chuma la kushikilia liwekwe ukutani kwa usawa wa sentimita 80 hivi, nalo lifungwe kwenye ukuta imara, si kwenye lipu tu. Mlango ufunguke kwa nje. Mtu akianguka nyuma ya mlango unaofunguka kwa ndani, mwili wake huuzuia, na waokoaji hubaki nje wakiuvunja huku dakika zinapita.

5. Mwisho, urembo. Marumaru, rangi na kioo vije baada ya hayo. Za sakafuni ziwe zenye mikwaruzo, zisiwe laini.

Familia isiyo na uwezo wa bafu la ndani isikate tamaa. Choo cha shimo chenye sakafu laini inayosafishika, mfuniko unaobana, na bomba la hewa lililofungwa wavu juu ili nzi wasitoke, ni choo bora. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, wazazi wetu walikaa vikundi vikundi wakisikiliza redio, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kusafisha visima. Hawakuwa na marumaru. Walijua nini kianze.

Fundi wa kuaminika hupatikanaje?

Sasa tuje kwa fundi. Wengi humtafuta kwa bei. Wa kwanza akisema laki tatu na wa pili laki nne na nusu, wa kwanza hupewa kazi siku hiyo hiyo. Hakuna anayeuliza ile laki na nusu imepunguzwa wapi. Pengine fundi wa pili amehesabu siku za kumwagilia zege, amehesabu saidia fundi, na amehesabu kubomoa sakafu ya zamani. Wa kwanza hakuhesabu, atakuja kuomba nyongeza kazi ikiwa nusu, wakati huna pa kwenda. Wahenga walisema rahisi ni ghali.

Fundi mwema hujulikana kwa kazi yake ya zamani. Mwombe akupeleke kwenye bafu mbili alizojenga, moja ikiwa imepita masika angalau moja. Mwaga ndoo ya maji sakafuni uone yanakokwenda. Muulize mama wa nyumba hiyo, maana ndiye anayeogesha watoto humo kila siku: Je, fundi alimaliza? Alirudi alipoitwa? Cheti cha VETA ni jambo zuri, lakini wako mafundi wazuri waliojifunzia kazini. Hao nao VETA huwapima na kuwapa vyeti, basi tuwahimize waende. Kwa umeme hatulegezi neno. Hita ya maji ya kuoga ifungwe na fundi mwenye leseni ya EWURA, na iwe na waya wa ardhini. Maji na umeme vikikutana juu ya kichwa cha mtu, hakuna muuguzi anayewahi.

Tena, fundi wa kila kitu hayupo. Mwashi ni mmoja, fundi bomba ni mwingine, fundi umeme ni mwingine. Mwashi akikuambia "hata mabomba nitamalizia mwenyewe," uliza tena.

Mkishaelewana, andikeni. Mali bila daftari hupotea bila habari. Karatasi moja ya daftari inatosha: kazi gani itafanyika, vifaa nani ananunua, ujira ni kiasi gani, kazi itaanza na kwisha lini, na nani atarekebisha kitakachoharibika. Wote wawili watie sahihi, na jirani mmoja awe shahidi. Fundi anayekasirika kwa sababu ya karatasi amekwisha kujieleza.

Vifaa nunua mwenyewe, au nenda naye dukani, na utunze stakabadhi. Ujira ulipwe kwa hatua, usilipwe wote mkononi siku ya kwanza. Sisi tunapendekeza hatua nne: sehemu ndogo ya kuanzia, sehemu ya pili mabomba na sakafu vikikamilika, sehemu ya tatu kazi ikiisha, na kiasi cha sehemu moja ya kumi kibaki kwa mwezi mmoja hadi ionekane kama kuna kinachovuja. Kabla ya kulipa sehemu ya pili, ziba tundu la maji, jaza maji kidogo sakafuni, uache hadi kesho yake saa ile ile. Maji yakipungua sana au ukuta wa nje ukilowa, marumaru zisibandikwe. Na katika hesabu yako yote weka akiba ya sehemu moja ya kumi, kwa kuwa ukuta ukibomolewa huonyesha mambo ambayo hakuna aliyeyajua.

Haki ya fundi

Lakini ndugu wasomaji, mapatano yana pande mbili. Tunawatibu mafundi pia, nao wana malalamiko yao. Mwenye nyumba huchelewesha mchanga siku tatu, fundi akikaa bure bila chakula. Kazi ikiisha, ujira hukatwa kwa kisingizio kidogo, au huambiwa "njoo mwisho wa mwezi," na mwisho wa mwezi haufiki. Fundi aliyefanyiwa hivyo nyumba mbili, ya tatu ataidai fedha yote mapema, kisha atakwenda kumalizia kwa mwingine. Udanganyifu mwingi tunaoulaumu tumeufundisha wenyewe. Aliyefikia hatua mliyopatana alipwe siku hiyo hiyo, bila kuombwa.

Tena alindwe. Saruji mbichi huunguza ngozi. Tunaona mikono na magoti yaliyotoboka kwa sababu fundi alipiga magoti katika zege kutwa nzima. Jozi ya glavu na viatu vya mpira si anasa, na maji safi ya kunawa yawepo karibu. Zaidi ya yote, mtu yeyote asishushwe katika shimo la choo la zamani au karo la maji machafu. Mna hewa yenye sumu isiyoonekana. Anayeshuka huanguka kwa dakika chache, na anayemfuata kumwokoa huanguka juu yake. Familia zimepoteza watu wawili na watatu kwa siku moja kwa njia hiyo. Kunyonya shimo ni kazi ya gari na mashine yake, hata kama ni ghali. Asiyemudu afunge shimo la zamani na achimbe jipya.

Tufanye nini pamoja?

Tunatoa pendekezo moja. Katika kila jumuiya kuwe na daftari la mafundi. Familia iliyojengewa vizuri iandike jina la fundi, aina ya kazi na mwaka. Iliyojengewa vibaya isiandike matusi, ikae kimya tu, na jina lisiingie. Baada ya miaka miwili mtakuwa na orodha inayoaminika kuliko tangazo lolote, na vijana wenye ufundi watajua kwamba kazi safi huwaletea kazi nyingine. Familia mbili tatu zinaweza pia kumwita fundi mmoja kwa zamu katika msimu mmoja na kununua kokoto na mchanga kwa gari moja. Gharama ya usafiri hugawanyika, na fundi hupata kazi ya miezi miwili, hana sababu ya kukimbia.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa hiyo, kabla ya kwenda kuchagua rangi ya marumaru, ingia leo bafuni kwako na ndoo ya maji. Mwaga, kisha tazama. Maji yakitoka yote kwa tundu lake, bafu lako lina afya, na urembo unaweza kusubiri hadi mavuno mengine. Yakibaki, umekwisha jua fedha za mwaka huu zianzie wapi.

Tunawatakia ujenzi mwema na afya njema nyumbani.