Imani Isiyotunza Amana

Huko kwetu Sigowet, katika kaunti ya Kericho, mama yangu ana mazoea ambayo nilichelewa kuyaelewa. Siku ya kuchuma chai, kabla ya kulipeleka gunia kituoni, huumwaga mchumo wake juu ya turubai na kuuchambua. Anayoyataka ni majani mawili na chipukizi. Jani lililokomaa hulitupa. Karani wa kituo angali mbali, na majani magumu machache yakifichwa katikati ya gunia huweza kupita mizanini, yakaongeza malipo ya mwisho wa mwezi. Nilipokuwa mwanafunzi wa shule nilimwuliza mbona ajipunguzie kilo kwa mkono wake mwenyewe. Alinijibu kwamba kiwandani chai yote huchanganywa, na jani baya la mtu mmoja huishia katika kikombe cha mtu asiyemjua.

Ndugu msomaji, nimeanza na kisa hicho kwa kuwa kinagusa jambo ambalo sisi vijana wa Kikristo tumezoea kulihubiri kuliko kulitenda, nalo ni utii na uadilifu. Nyanda za chai za Kericho na Bomet hazina upungufu wa dini. Africa Gospel Church imeenea hadi vijijini. Hospitali ya Tenwek, iliyoasisiwa na wamishonari, yajulikana kote nchini. Jimbo Katoliki la Kericho liliundwa mwaka 1995. Hata tohara ya wavulana, iliyokuwa chuo cha mila, siku hizi baadhi ya makanisa huisimamia wakati wa likizo ya Disemba. Kijana wa kwetu hukua akiambiwa atii: awatii wazazi, awatii wazee, amtii Mungu. Swali langu ni hili: utii huo hukaa wapi pale ambapo hakuna mzazi, wala mzee, wala mchungaji anayetazama?

Sisi wanafunzi wa Kiswahili tuna bahati ya kupewa sehemu ya jibu na lugha yenyewe. Maneno imani, amini, amana na uaminifu yalitujia kutoka Kiarabu, na yote yana mzizi mmoja. Hata amina, tunayoifungia sala, asili yake ni Kiebrania, lugha iliyo ndugu ya Kiarabu, na ina mzizi uo huo. Kwa hiyo mtu anayedai kuwa na imani ilhali anaila amana aliyokabidhiwa, amelipasua neno katikati. Sina budi kukiri kwamba mimi nimewahi kulipasua.

Nilipohitimu shahada ya kwanza nilikaa zaidi ya mwaka mmoja bila kazi. Rafiki alinikaribisha katika chumba chake mjini Kericho, akanionyesha biashara ambayo vijana wengi wa vyuo vikuu nchini Kenya wameifanya: kuwaandikia wanafunzi wa Marekani na Uingereza kazi zao za masomo kwa malipo ya kila ukurasa. Tuliandika usiku kucha na kulala alfajiri. Nakumbuka niliandika insha ndefu kuhusu maadili ya uuguzi, nikausifu ukweli na kuulaani udanganyifu, kisha nikaituma ili mtu nisiyemjua atie jina lake. Wakati huo huo nilikuwa kiongozi wa vijana kanisani. Kila Jumapili nilitoa fungu la kumi la mapato hayo, na mara mbili nilialikwa kutoa ushuhuda wa jinsi Bwana alivyonifungulia mlango.

Kisha biashara ikanisogelea hadi nyumbani. Mwanafunzi mmoja wa uzamili, mtu aliyenizidi sana umri, aliniomba nimwandikie sura mbili za tasnifu yake kuhusu methali za Wakipsigis. Hakuwa na nafasi ya kwenda nyanjani, nami sikuwa na nauli. Nikaketi chumbani nikawaumba wazee. Nilimbuni mzee wa miaka 80 kutoka Sigowet, nikaandika kuwa alihojiwa nyumbani kwake jioni moja ya mvua, nikamtilia kinywani methali mbili nilizozitunga mwenyewe. Tasnifu ikapita. Mwaka jana, nikifanya mapitio ya maandishi kwa ajili ya kazi yangu, niliikuta rafuni. Katika ukurasa wa shukrani mwenye jina amemshukuru Mwenyezi Mungu kwa kumpa nguvu za kuandika, na amewashukuru wazee waliompa muda wao. Baada ya kurasa chache nikakutana na mzee wangu. Ndipo nilipolikumbuka turubai la mama. Jani baya lilikuwa limekwisha kuchanganywa, na mwanafunzi atakayekuja kesho atalinywa akidhani ni maneno ya wahenga wetu.

Katika Kitabu cha Kwanza cha Samweli mna habari za mfalme Sauli, aliyeagizwa kuangamiza mali yote ya Waamaleki. Sauli akawabakiza kondoo na ng'ombe walio bora, na alipoulizwa akasema wamehifadhiwa ili watolewe dhabihu. Nabii Samweli hakuikubali hoja hiyo, kwani kwake sadaka haikuweza kuchukua nafasi ya utii. Kwa miaka mingi nilikisoma kisa hicho kama habari za mfalme wa kale. Leo nakiona kuwa ni kisa cha fungu langu la kumi. Wala kanisa halikuwahi kuniuliza kondoo wangu walitoka wapi.

Fasihi yetu ilikwisha kuligusa tatizo hili kitambo. Katika riwaya ya Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyochapishwa mwaka 1971, Rosa analelewa Ukerewe na baba, Zakaria, anayemlinda kwa kipigo na vitisho. Maadamu fimbo ipo, Rosa ni mtiifu. Anapokwenda masomoni na fimbo kubaki nyumbani, utii ule unaporomoka, na mwisho wake ni mauti. Wapo wanaoisoma riwaya hii kama hoja kuhusu malezi na hali ya mwanamke, nami siwapingi. Naongezea tu kwamba utii unaotokana na kuliogopa jicho la mtu hudumu kadiri jicho hilo linavyokaa wazi. Wengi wetu tunaofika chuoni kutoka vijijini tumeubeba utii wa namna hiyo, tukadhani ndio imani.

Tusidhani pia kwamba huu ni udhaifu wa kijana mmoja mmoja. Mwezi Machi 2016, baada ya udanganyifu mkubwa katika mitihani ya mwaka 2015, serikali ya Kenya iliivunja bodi ya Baraza la Mitihani na kumteua Profesa George Magoha, ambaye sasa ni marehemu, kuiongoza bodi mpya. Katika mtihani wa KCSE wa mwaka 2015 watahiniwa 2,636 walipata gredi ya A. Mwaka 2016, usimamizi ulipokazwa, waliopata gredi hiyo walikuwa 141. Si haki kumtuhumu kila aliyefaulu mwaka 2015, wala tofauti hiyo haina lazima ya kuwa na sababu moja tu. Hata hivyo yatosha kutufikirisha, hasa tukikumbuka kwamba katika shule zetu nyingi mtihani hutanguliwa na ibada ya kuwaombea watahiniwa.

Najua nitakavyojibiwa. Mzee mmoja wa kanisa, nilipomweleza habari zangu, aliniuliza kwa huruma: "Kijana wangu, kwani umemwibia nani? Mteja amelipa, nawe umefanya kazi." Hoja hiyo ina uzito. Ajira ni haba, na mwenye shahada anaporudi kuchuma chai ya mama yake, kijiji kizima humtazama. Anayelipa naye aghalabu ana uwezo kuliko anayeandika. Na sheria ya kuifanya biashara hiyo kuwa kosa la jinai katika England ilipitishwa mwaka 2022 tu. Lakini umaskini unaeleza kosa langu bila kulifuta. Mgonjwa atakayehudumiwa na mwuguzi aliyeandikiwa maadili na mtu mwingine hakuwamo katika mapatano yetu. Mwanafunzi atakayezinukuu methali zangu za uongo hakuwamo. Wazee wa Sigowet, ambao wana methali zao za kweli na hakuna aliyekwenda kuwauliza, hawakuwamo. Hao ndio niliowaibia.

Lipo pia kosa la upande wa pili, nalo ni kudhani kuwa utii ni kuinama mbele ya kila aliye juu yako. Nilipoombwa kuandika sura zile nilijiambia kuwa kumkatalia mtu aliyenizidi umri ni utovu wa adabu. Adabu ya namna hiyo ina gharama kubwa kuliko tasnifu moja. Mwezi Februari 2023 BBC ilitangaza uchunguzi kuhusu mashamba makubwa ya chai nchini Kenya, yakiwamo ya Kericho, ambamo wanawake zaidi ya 70 walieleza kuwa wamedhulumiwa kingono na wasimamizi wao. Mwenye mamlaka juu ya kazi ya mtu ana mamlaka juu ya mkate wa watoto wake, na ni vigumu kumwambia hapana. Atakayewahubiria wanawake hao habari za kuwatii wakuu atakuwa ameyageuza Maandiko kuwa kamba ya kuwafungia. Mitume walipoamriwa na baraza la Yerusalemu wanyamaze, walikataa, kwa kuwa walikuwa na wa kumtii kwanza. Utii wa Kikristo, basi, unanizuia kudanganya mahali pasipo na mtazamaji, na unanizuia vile vile kumwitikia mkubwa anaponiita katika ubaya.

Je, mimi nimefanya nini? Niliacha uongozi wa vijana kabla ya kuombwa. Nimemweleza msimamizi wangu yote niliyoyaeleza hapa. Nimemwandikia mwenye ile tasnifu kumwarifu kuwa nitaieleza idara yake, naye amenisihi ninyamaze kwa ajili ya watoto wake. Tangu siku hiyo usingizi wangu umekuwa wa mang'amung'amu. Zakayo aliahidi kurudisha mara nne, lakini alichokirudisha kilikuwa mali yake mwenyewe, ilhali kukiri kwangu kutamgharimu na mwingine. Pamoja na hayo, mzee niliyembuni hawezi kuachwa aendelee kusema rafuni. Likizo iliyopita nilikwenda Sigowet na kinasa sauti, nikaketi na wazee wa kweli. Mmoja wao nilimsomea methali yangu mojawapo. Alifikiri kidogo, akasema hajawahi kuisikia, akaniuliza ni ya watu gani. Nikamwambia ni yangu.

Kwa wenzangu katika vyama vya wanafunzi Wakristo, naomba tuanze kuulizana kuhusu riziki zetu kwa ujasiri ule ule tunaoulizana kuhusu pombe na mapenzi. Kwa makanisa yetu, anapoletwa kijana kutoa ushuhuda wa mlango uliofunguka, aulizwe ni mlango upi. Kwa walimu wetu, tunaomba mtudai madaftari ya nyanjani na sauti za waliohojiwa. Hatutaona kuwa mmetudharau. Na kwa yeyote ambaye usiku wa leo ana kazi ya mtu mwingine mbele yake, nasema kwa upole, maana chumba hicho nakifahamu: iache kabla haijapata jina la mtu. Ikishalipata na kuingia rafuni, kuitoa ni kazi ngumu, na ndiyo ninayoifanya sasa.