Tuweke Wakfu Tungali Wazima

Ndugu Waislamu, kule Bwejuu minazi ya mababu sasa imepakana na hoteli, na baadhi ya warithi hushawishika kuuza hata eda ya mjane haijaisha. Sayyidna Umar (r.a.) aliiweka wakfu ardhi yake ya Khaibar: asili isiuzwe wala isirithiwe, mazao yawafae mafukara na jamaa. Nasi twaweza. Lakini wakfu uwekwao katika maradhi ya mauti hauvuki theluthi ila warithi waridhie. Na wa mdomo, mashahidi wakishafariki, huzua kesi. Basi tuandike mapema, tumtaje msimamizi, tuusajili Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Mabinti nao watajwe. Wakfu wa familia si wa wanaume peke yao.