Laini ya simu isiwe ya jina la mwingine

WAKULIMA wa mboga wilayani Lushoto wamezoea kulipwa kwa simu. Kabichi, karoti na pilipili hoho hupakiwa Lukozi na Mlalo, huteremka kwa barabara ya Soni hadi Mombo, na mara nyingi malipo huingia kwenye simu kabla gari halijarudi. Kwa mkulima huyo, namba ya simu ndiyo benki yake. Tatizo ni kwamba wapo ambao benki hiyo imefunguliwa kwa jina la mtu mwingine: mume, mtoto anayesoma mjini, au hata wakala aliyeuza laini.

Hatari ya utaratibu huo ilidhihirika miaka michache iliyopita. Usajili wa laini kwa alama za vidole ulianza Mei 1, 2019 na mwisho wake ukapangwa kuwa Desemba 31. Rais John Magufuli aliongeza siku 20, na Januari 20, 2020 laini zisizosajiliwa zikaanza kuzimwa. Miezi minane si muda mfupi kwa mwenye namba ya NIDA mkononi. Kwa asiyekuwa nayo, kazi ilianzia kwenye foleni ya kitambulisho.

Laini ikizimwa, fedha zilizomo hazipotei. Hata hivyo haziguswi mpaka laini irudishwe, na kampuni ya simu inamtambua yule ambaye jina lake limeandikwa. Mwanamke aliyepalilia na kumwagilia anabaki kumbembeleza shemeji yake aliyeko Tanga aende na kidole chake. Mnunuzi wa Dar es Salaam naye hana subira. Asipompata kwa namba anayoijua, anampigia jirani.

Kuhama si kugumu kama mtu atafuata mpangilio. Kwanza apige *106# aone laini imesajiliwa kwa jina la nani. Kama si lake, atoe salio lote wakati laini bado inafanya kazi, kisha asajili kwa kitambulisho chake. Namba ikibadilika, wanunuzi, kikundi cha kuweka na kukopa na mtendaji wa kijiji wapewe mpya kabla ya ile ya zamani kutupwa, kwa kuwa namba ya simu imo pia katika taarifa za mkulima za ruzuku ya mbolea iliyoanza mwaka 2022. Wanaohama mtandao bila kubadili namba, jambo linaloruhusiwa tangu Machi 2017, nao wakumbuke kwamba salio la fedha halihami pamoja na namba. Kufanya hivyo katikati ya mavuno ni kujitafutia balaa.

Lawama zote asitupiwe mkulima. Tarehe ya mwisho ikipangwa tena, NIDA na kampuni za simu zipeleke mashine za alama za vidole kwenye magulio ya Mlalo na Lukozi mapema, badala ya kungoja watu wapande magari hadi Lushoto mjini wiki ya mwisho.