Simu Haina Kila Kitu

Wapo wanaoandika kwamba enzi za kununua santuri, kanda na CD zimekwisha: muziki wote uko kwenye simu, kwa bei nafuu, na programu humletea msikilizaji asichokijua bila upendeleo. La bei ni kweli. Yaliyobaki ni porojo.

Muziki wote? Mwimbaji wa taarab Siti binti Saad alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri za kampuni ya HMV. Anayemsikia leo simuni, pamoja na mikwaruzo ya sindano, awashukuru walionunua santuri hizo wakazitunza. Simu haikwenda Bombay.

Ila kituko hasa ni hilo la kutokuwa na upendeleo. Mwishoni mwa 2020 Spotify ilitangaza mpango unaoitwa Discovery Mode: msanii au kampuni yake huchagua wimbo usukumwe kwa wasikilizaji, naye hukubali mrabaha mdogo zaidi. Zamani mtangazaji alipenyezewa bahasha chini ya meza. Siku hizi bahasha ina vigezo na masharti. Halafu msikilizaji anaambiwa, eti, programu imemjua roho.

Linganisha na CD za Zanzibara, mfululizo wa kampuni ya Buda Musique ya Ufaransa: zina vijitabu vinavyoeleza bendi na wanamuziki. Hapo mtu hufuata jina moja hadi jingine, kwa hiari yake.

Na pesa ya msanii je? Tangu 2024, wimbo usiosikilizwa angalau mara 1,000 kwa miezi 12 hauingizi mrabaha wa rekodi Spotify. Anayeuza CD 20 mlangoni pa ukumbi huondoka na pesa ya CD 20, usiku huohuo.