Binti Akiitwa Kwenye Usaili, Aulize Mshahara

Mabinti wengi wanaomaliza chuo hutamani kuwa maafisa uhusiano. Ni kazi nzuri. Afisa uhusiano huisemea kampuni au wizara mbele ya wananchi, huandika taarifa kwa waandishi wa habari, na siku ya matatizo yeye ndiye anayetafutwa atoe majibu. Lakini kabla ya kufurahia cheo, yafaa tutazame malipo.

Tuchukue mfano wa Uingereza, ambako chama cha wenye kazi hiyo kilianzishwa mwaka 1948 na hufanya uchunguzi wa mishahara. Huko wanawake ndio wengi katika kazi hii, ila wakubwa wa kampuni mara nyingi ni wanaume. Mwaka 2015 chama hicho kilieleza kuwa mwanamume alimzidi mwanamke kwa pauni 8,483 kwa mwaka, hata baada ya kuzingatia cheo, miaka ya kazi, malezi ya watoto na kazi za muda mfupi. Kwa hiyo kisingizio kwamba akina mama hulipwa kidogo kwa sababu ya kulea hakikutosha.

Na nchi hiyo ina sheria ya malipo sawa tangu mwaka 1970! Mwaka 2017 waajiri wenye wafanyakazi 250 au zaidi walianza kutakiwa kutangaza tofauti hiyo. Lakini kampuni nyingi za uhusiano ni ndogo, hivyo haziguswi.

Pengo huanzia wapi? Mara nyingi ni mlangoni, siku ya kuajiriwa. Tangazo husema "mshahara ni maelewano", kisha msaili huuliza, "Ulikuwa ukilipwa kiasi gani?" Aliyeanza chini hubaki chini. Tuseme binti ameanza na shilingi 600,000 na mwenzake wa kiume 800,000. Wote wakiongezwa asilimia 10, tofauti yao ya 200,000 inakuwa 220,000. Kila nyongeza inazidi kuwatenganisha.

Hapa Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ahakikishe wanaume na wanawake wanalipwa sawa kwa kazi zenye thamani sawa. Pia inampa mama likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo, au siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja.

Basi mwandae binti yako. Kabla ya usaili, awaulize walio kazini kiwango cha cheo hicho. Akiulizwa mshahara wa zamani, ajibu kwa adabu kwamba angependa kujua kwanza kazi hii imepangiwa kiasi gani. Na asitie sahihi mkataba kabla ya kusoma habari za mshahara, posho na likizo.

Kuuliza si ujinga, wala si utovu wa adabu. Binti anayetaka kusema kwa niaba ya kampuni nzima, na aanze kwa kujisemea mwenyewe.