Haki ya Mama Aliyejifungua

Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kifungu cha 199, yakiri kwamba akili ya mama yaweza kuvurugika kwa sababu ya uzazi au kunyonyesha. Akimuua mwanawe asiyetimiza miezi 12 katika hali hiyo, huadhibiwa kama aliyeua bila kukusudia. Sheria yaona, ila yaona mtoto akiwa amekwisha kufa.

Siku chache baada ya kujifungua, homoni za estrojeni na projesteroni, zilizopanda sana wakati wa mimba, huporomoka ghafla. Kwa baadhi ya akina mama jambo hili huchangia sonona. Huzuni ya kawaida hupita ndani ya majuma mawili. Ikizidi hapo ni ugonjwa, wala si uvivu au kulogwa. Lakini homoni si sababu pekee. Kule Urambo, kwenye njia ya kale ya misafara kutoka Tabora kwenda Ujiji, mzazi anayepigwa na kuandamwa na deni la tumbaku hataponywa na vidonge vitupu. Ahitaji dawa inapobidi, ushauri, usingizi, na mume atakayeteka maji. Kliniki mtoto hupimwa uzito. Mama naye, ndugu wasomaji, aulizwe kama analala, na kama amepata kutamani kufa.