Mbele ya Kulipa Fundi wa Rangi



Kijana mmoja ametuuliza neno hili: baba yake amemwachia Peugeot 504 kamyoneti nyekundu, imelala miaka mingi chini ya mwembe. Rangi imepauka, imekuwa kama majivu ya rozi. Fundi anaomba feza ya kuipaka yote upya, nayo ni sawa na minervali ya wadogo zake wawili. Je, alipe?

Jibu letu: asilipe bado. Rangi iliyopauka haiko lazima rangi iliyokufa.

Tuelewe kwanza kinachoiharibu. Rangi ni unga ulioshikwa na gundi. Jua linaunguza gundi ile ya juu, unga unabaki wazi. Ndio ule unaoshika kidole ukigusa kapo. Kwetu huku, toka Lubumbashi hata Kolwezi, tuko mita 1200 na zaidi juu ya bahari, na jua ni kali. Tena kuna vumbi la barabara za mine. Ndani yake mna chembe za mchanga zilizo ngumu kuliko rangi. Kwa hiyo usipanguse vumbi kavu hata siku moja, maana unakwaruza. Mwaga maji kwanza.

Sasa kazi yenyewe. Weka motokari kivulini, tole iwe baridi. Ioshe na sabuni laini na ndoo mbili: moja ya sabuni, moja ya kusuuza kitambaa. Mavi ya ndege na utomvu wa mti uviloweshe mpaka vilainike. Usivikwangue na kisu.

Ikikauka, chukua kitambaa cheupe na pate ya kupolisha kidogo, ile laini kuliko zote. Sugua pahali padogo pasipoonekana sana. Kama kitambaa kinageuka chekundu, rangi yako iko ngozi moja, na chini mna rangi nzima. Furahi! Kama kitambaa hakishiki rangi, iko na verni juu yake. Verni iliyofifia tu inaweza kupolishwa. Lakini verni inayobanduka kama ngozi ya kitunguu, pate haiwezi kuirudisha. Hapo fundi ndiye anahitajiwa.

Endelea pole pole, kipande cha mikono miwili kwa mara moja, na triko ya zamani ya pamba. Usifanye haraka. Rangi yote ya kiwandani, toka chini mpaka juu, ni karibu sehemu moja ya kumi ya milimeta, unene wa karatasi tu! Kwenye kona na mikunjo ni nyembamba zaidi. Ukiona apre, ile rangi ya chini, inaanza kuonekana, acha hapo hapo. Mwisho paka sire, na urudie kila miezi miwili au mitatu.

Wengine wanapangusa motokari na mazutu ili ing'ae. Inang'aa siku moja, halafu inakamata vumbi lote la njia. Tuache desturi hii.

Kutu ni jambo lingine. Pahali rangi imevimba, gonga na bonyeza. Kama tole inalegea, usifiche na mastike wala rangi mpya; kutu inaendelea kula chini yake. Chuna mpaka chuma kisafi, paka antirui, kisha rangi. Tole iliyotoboka ikatwe na kuchomelewa nyingine. Zaidi ya yote tazama chini ya motokari: chasi iliyooza inaweza kuua watu, na hakuna mng'ao unaoiponya.

Wazazi, sikieni vizuri. Rangi nyingi za zamani, zaidi nyekundu, za manjano na za machungwa, zilitengenezwa pamoja na plombu (risasi). Unga wake unaharibu akili za watoto wadogo, na akili ile hairudi. Basi msichune rangi kavu ndani ya lupango. Tumieni papiye-emeri ya maji, tole ikiwa imelowa, na fundi afunike pua na mdomo. Watoto wawe mbali. Maji yale yasimwagwe shambani kwa lengalenga wala karibu na kisima. Nguo za kazi zifuliwe peke yake, na mikono ioshwe mbele ya kula.

Wewe kijana, anza na mlango mmoja tu Jumamosi hii. Ukiona wekundu wa baba unarudi, peleka ile feza shuleni. Wadogo zako wasome. Ukiona apre na kutu, basi umejua ukweli mbele ya kulipa, na utakwenda kwa fundi ukijua la kumwomba. Jirani wakiona kazi yako watakuita. Hapo nayo, waonyeshe kutu kabla ya kuwaonyesha mng'ao.